Kichwa cha Nduna Songea na gunia la Rispa



Nilikuwa Myamba, huku milimani Upare, nimekaa barazani na bibi mmoja jirani yetu tukichambua mbegu za tangawizi. Nilikuwa nimetoka Songea siku chache kabla, nikawa namsimulia niliyoyaona kule: uwanja wa makumbusho, kaburi moja walimozikwa watu 66, na kaburi jingine la mtu mmoja, Nduna Songea Mbano, yule ambaye mji wenyewe umebeba jina lake. Nikamwambia kwamba wazee wa kule husimulia kuwa Wajerumani walipokwisha kumnyonga walikata kichwa chake wakakipeleka kwao Ulaya.

Bibi akaacha kazi. Hakuuliza vita ilikuwa ya nini wala nani alishinda. Aliuliza, “Sasa mwanangu, ndugu zake wakienda pale kumlilia, wanamlilia nani?”

Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali hilo wiki kadhaa, na leo naomba tulibebe pamoja, mimi na wewe, kabla hujakunja gazeti ukaenda kuandaa chakula cha mchana. (Na wewe Msabato unayesoma Jumapili hii ukiwa umekwisha kuabudu jana, karibu pia. Upareni tumezoea kukaa pamoja.)

Kama wewe ni Mpare, huhitaji kuelezwa kwa nini bibi aliuliza vile. Kabla ya Injili kufika kwetu, mzee wa ukoo akifariki alizikwa, na baada ya muda kichwa chake kilifukuliwa na kuhifadhiwa kwenye mpungi, ule msitu mtakatifu wa ukoo, pamoja na vichwa vya waliomtangulia. Pale ndipo ukoo ulipokwenda wakati wa shida. Mtu ambaye kichwa chake hakikuwa kwao alikuwa kama mtu ambaye hajafika nyumbani. Waadventista walipofika Giti mwaka 1903, na Walutheri wa Leipzig nao walipopanda milima hii, walitufundisha kuachana na mpungi, na wengi wetu tuliachana nao. Mimi ni mtoto wa mafundisho hayo wala siyajutii. Sali yangu naielekeza kwa Mungu aliye hai, si kwa babu. Lakini bibi, ambaye ni mshirika tangu ubatizo wa utotoni na hakosi ibada, bado anajua kwamba mifupa ya mtu ina mahali pake. Na nilipofungua Biblia kumtafutia jibu, niliona kwamba Biblia nayo inajua hivyo.

Ngoja kwanza nikupeleke Songea, kwa sababu wengi wa kaskazini hatujafika. Ni mbali kweli. Unateremka Same, unapita Korogwe na Chalinze, unakwenda Morogoro, Iringa, Makambako, Njombe, ndipo unaingia Ruvuma ukiwa miguu imevimba. Makumbusho yenyewe yako eneo la Mahenge, mjini hapo hapo. Yalianzishwa mwaka 1980 kwa juhudi za wenyeji wenyewe, na mwaka 2010 yakawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa. Ukiingia utakuta sanamu za viongozi wa Wangoni, utaona ngao na silaha zao, kisha utasimama mbele ya lile kaburi la pamoja. Ni kaburi refu kuliko kaburi lolote ulilowahi kuona kijijini kwenu. Hapo ndipo sauti ya watu hushuka, hata ya wanafunzi waliokuja na mwalimu wao wakipiga kelele tangu getini.

Tarehe 27 Februari 1906 serikali ya Kijerumani iliwanyonga hapo Songea viongozi wa Vita vya Maji Maji. Miongoni mwao alikuwamo Nkosi Mputa Gama, na walikuwamo manduna na wazee wa Ungoni. Wanamtaja pia mwanamke mmoja, Nkomanile, aliyekuwa kiongozi huko Kitanda. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baada ya wenzake. Husimuliwa kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, yeye akakataa kubaki duniani wakati wenzake wamekwisha kwenda. Ndiyo maana kaburi lake liko peke yake. Wote pamoja wanahesabiwa 67.

Vita yenyewe unaijua kutoka shuleni. Ilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji ya dawa, akiwaambia kwamba risasi za Mjerumani hazitawadhuru. Yeye mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita ikiwa haina hata mwezi mmoja, lakini maji yakaendelea kusafiri bila yeye. Ungoni yaliletwa na mtu aliyeitwa Omari Kinjala. Risasi zikapenya. Kisha jeshi likachoma maghala na mashamba, na njaa ikamaliza kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Wanahistoria wengi huhesabu waliokufa kuwa kati ya laki mbili na laki tatu, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa kukosa chakula.

Sasa kuna sehemu ya habari hii ambayo hatukufundishwa shuleni, na mtu wa kanisa hawezi kuiruka.

Tarehe 14 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walikutana na msafara wa kanisa mahali paitwapo Mikukuyumbu, njiani kuelekea Liwale. Alikuwamo Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, ambaye miaka saba kabla ndiye aliyeianzisha misheni ya Peramiho. Alikuwa na mabruda wawili, Andreas na Gabriel, na masista wawili, Felicitas na Cordula. Wote watano waliuawa. Mwezi uliofuata misheni ya Peramiho, iliyo umbali mdogo tu kutoka Songea, ilichomwa moto.

Kisha ikaja Februari. Viongozi wamefungwa gerezani Songea wakingoja kamba. Akaingia kwao padre Mbenediktini, Johannes Häfliger wa misheni ya Kigonsera. Aliwafundisha kwa haraka ile ya mtu anayeshindana na saa, na wengi wao aliwabatiza kabla hawajapelekwa kunyongwa.

Nimeusoma mstari huo wa historia mara nyingi na kila mara unanisimamisha. Fikiria hali ya mwili wa mtu yule aliyefungwa. Septemba alipakwa maji akaambiwa risasi hazitampata. Februari anamwagiwa maji mengine, na aliyeyaleta ni mtu wa rangi ile ile ya wale wanaoandaa kamba nje. Maji ya kwanza yalimdanganya. Kwa nini aliyakubali ya pili? Wapo watakaosema alikubali kwa woga, au kwa kutumaini kusamehewa. Inawezekana kwa mmoja au wawili. Lakini kamba ilikuwa pale pale, na aliyebatizwa alinyongwa sawa na asiyebatizwa. Mimi naamini wapo waliokubali kwa sababu walimsikia mtu akiwaambia habari za Mwingine aliyehukumiwa na serikali ya kigeni akatundikwa mbele ya watu wake. Habari hiyo haikuhitaji kufafanuliwa sana mahali kama pale.

Na fikiria pia yule padre. Ndani ya miezi sita askofu wake ameuawa na misheni ya ndugu zake imekuwa majivu. Angeweza kukaa Kigonsera akawaacha wafe. Alikwenda. Simpungiii heshima hiyo. Hata hivyo, ndugu msomaji, kuna jambo linanichoma na sitalificha. Kanisa lilifika gerezani likiwa na maji na jina jipya, na asubuhi serikali ikafika na kamba, na kwa mtu aliyekuwa akitazama kutoka mbali wote wawili walikuwa Wajerumani wakiingia mlango mmoja. Watoto wa walionyongwa walibaki na picha hiyo. Ajabu ya Mungu ni kwamba wengi wa watoto hao walikuja kuwa Wakristo. Peramiho ilijengwa upya, na leo Ruvuma ni moja ya sehemu za nchi yetu zenye Wakristo wengi sana. Mbegu ilimea. Lakini mtu akikuambia kwamba ilimea kwenye udongo safi, mwambie aende asimame kwenye lile kaburi.

Chini ya saruji ile hakuna sehemu ya waliobatizwa na sehemu ya waliokataa. Wako pamoja, na Waislamu wakiwamo, wamelala kama walivyotupwa.

Basi nirudi kwa bibi na swali lake.

Fungua 2 Samweli sura ya 21. Ni sura ambayo wahubiri wengi huipita kimya, nami nimewahi kuipita. Nchi ilikuwa na njaa ya miaka mitatu mfululizo. Daudi akamwuliza Bwana, akajibiwa kwamba ni kwa sababu ya damu: Sauli alikuwa amewaua Wagibeoni, watu ambao Israeli ilikwisha kuwaapia kwamba haitawadhuru. Wagibeoni hawakutaka fedha. Walitaka wanaume saba wa uzao wa Sauli. Mfalme akawatoa: wana wawili wa Rispa, suria wa Sauli, na wajukuu watano. Wakatundikwa wote saba mlimani siku moja, mwanzoni mwa mavuno ya shayiri. Serikali ikarudi nyumbani. Kesi ilikuwa imekwisha.

Kwa Rispa haikuwa imekwisha. Alichukua gunia akalitandika juu ya mwamba, akakaa. Mchana alifukuza ndege, usiku alifukuza wanyama. Alikaa tangu mavuno mpaka mvua iliponyesha juu ya maiti zile. Hesabu mwenyewe ni miezi mingapi. Hakuwa na cheo, mumewe alikuwa amekufa na ukoo wake umeanguka. Hakuandika barua kwa mfalme. Alikaa tu pale, kila apitaye akamwona.

Na habari zikamfikia Daudi. Tazama alichofanya, maana hapa ndipo nilipopata jibu la kumpelekea bibi. Daudi hakuishia kwenye ile mifupa saba. Alikwenda mpaka Yabesh-gileadi kuchukua mifupa ya Sauli na ya Yonathani, iliyokuwa imekaa huko tangu vita ya Gilboa. Unakumbuka jinsi Sauli alivyoishia? Iko mwishoni mwa 1 Samweli: Wafilisti walimkata kichwa, mwili wakautundika ukutani mwa Beth-shani, mpaka mashujaa wa Yabesh-gileadi walipotembea usiku kucha kuuteremsha. Mfalme aliyekatwa kichwa na adui, na vijana saba walionyongwa na serikali yao wenyewe, Daudi aliwakusanya wote akawazika katika kaburi la Kishi, baba yake Sauli, nchi ya Benyamini. Kwao. Ndipo, Biblia inasema, Mungu alipoisikiliza nchi.

Soma mwenyewe uone mpangilio. Saba walipotundikwa, haikuandikwa kwamba Mungu amesikia. Imeandikwa baada ya mazishi. Nimeuliza wachungaji wawili, mmoja akakubaliana nami na mwingine akaniambia nisijenge theolojia juu ya mpangilio wa sentensi. Inawezekana ana haki. Lakini nimebaki na Rispa, na siwezi kumwondoa kichwani.

Kwa sababu Songea nako walikuwapo wa aina yake. Makumbusho yale hayakuanza na amri kutoka juu. Kabla ya sanamu na tiketi za kiingilio walikuwapo watu waliojua kaburi liko wapi na wakawaonyesha watoto wao, miaka yote ya Mjerumani, kisha ya Mwingereza, mpaka ya kwetu. Kila mwishoni mwa Februari watu hukusanyika pale kuwakumbuka. Husali, hucheza ngoma za Wangoni, hutaja majina. Na ukoo wa Mbano haujaacha kuuliza kichwa kiko wapi.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea kwenye makumbusho hayo. Alikutana na wazao wa Nduna Songea, akainama, akaomba msamaha kwa yale ambayo watu wa nchi yake waliyatenda, akaahidi kwamba Ujerumani itasaidia kukitafuta kile kichwa. Ilikuwa miaka 117 baada ya kamba. Nilisikia watu wakibishana siku ile, wengine wakisema ni maneno matupu bila fidia, wengine wakisema heri hata hivyo. Mimi nilifikiri juu ya Daudi. Naye aliambiwa habari za Rispa na watu wengine, na naye alichelewa, lakini alipoondoka nyumbani alirudi na mifupa.

Usidhani kwamba jambo hili ni la kusini peke yake. Panda basi Same asubuhi, kabla ya chakula cha mchana uko Old Moshi. Hapo tarehe 2 Machi 1900, miaka sita kabla ya Songea, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine, jumla yao 19. Yeye naye husimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na wajukuu wake wamekitafuta kwa miaka mingi. Katika maghala ya makumbusho ya Berlin yamehifadhiwa mafuvu yapatayo 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi hizo. Yalikusanywa ili wasomi wapime vichwa vya watu na kuwapanga kwa madaraja. Mwaka 2023 watafiti wa huko walitangaza kwamba kwa kupima vinasaba wamewapata ndugu walio hai, hapa Kilimanjaro, wa watu ambao mafuvu yao yamo ghalani. Mmoja wa watu hao alikuwa mshauri wa Mangi Meli. Hebu fikiria mtu anakuja nyumbani kwako, anakupa pamba uipitishe mdomoni, na baada ya miezi unaambiwa kwamba babu wa babu yako yuko ndani ya sanduku la karatasi lenye namba.

Hapo ndipo ninapomrudia bibi yetu na mpungi. Sisi tuliambiwa kwamba kuhifadhi kichwa cha mzee msituni ni giza. Wakati huo huo, nchi iliyotuletea mafundisho hayo ilikuwa inahifadhi vichwa vya wazee wetu kwenye rafu. Simlaumu mmisionari aliyekuja na Biblia na quinine na kuzikwa hapa kwa homa. Wengi wao hawakuwa na habari na wapima mafuvu. Nasema tu kwamba katika mambo mawili hayo, lile la bibi lilikuwa na upendo ndani yake. Lilihitaji kuongozwa kwa Kristo, na liliongozwa. Lile la pili hatujasikia mahubiri mengi juu yake.

Yusufu alipokuwa anakufa Misri aliwaapisha ndugu zake kuhusu mifupa yake, na usiku wa kutoka, watu wakikimbia na unga usiochachwa mabegani, Musa alikumbuka kuibeba. Kutoka 13. Miaka arobaini jangwani walitembea na sanduku lile. Sijawahi kusikia mtu akimwambia Musa kwamba ameabudu mizimu.

Niliporudi kwa bibi na habari ya Rispa, alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Aliuliza jambo moja tu: kama yule mama alikuwa na mtu wa kumletea chakula pale mwambani. Nikamwambia Biblia haisemi. Akasema lazima alikuwapo, maana mtu hawezi kukaa mavuno mpaka mvua bila mtu wa kumletea chakula, na akarudi kwenye tangawizi yake.

Tangu siku ile nimeomba jambo moja katika usharika wetu: kwamba Jumapili iliyo karibu na tarehe 27 Februari tusome 2 Samweli 21 ibadani, na baada ya somo tuyasome majina ya walionyongwa Songea, pamoja na majina ya wale watano wa Mikukuyumbu. Orodha ya Songea ni ndefu na baadhi ya majina ni magumu kwa ulimi wa Kipare, kwa hiyo nimejitolea kuyafanyia mazoezi. Mzee wa kanisa aliniambia kwamba somo hilo halimo kwenye kalenda ya mwaka. Nikamwambia najua. Akatazama karatasi yangu, akahesabu majina kwa kidole, akaniuliza yatachukua dakika ngapi. Nilikuwa nimekwisha kuyapima nyumbani: dakika saba. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni, akasema ataipeleka kwenye baraza la wazee.